Kinachotoka Nafasi Ikijaa

Sfax, 12 Februari 1990

Mwanangu Lassaad,

Kama barua hii imekukuta kitandani saa nne asubuhi, amka kwanza, nawa uso, ndipo uendelee kusoma. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo limeamua kuzeeka peke yake. Mama yako mzima. Dada yako naye mzima, na mtoto wake ameota meno mawili ambayo kila mgeni lazima ayapapase kabla hajapewa kahawa. Milozi ya barabara ya Gremda imeshachanua. Zeituni zimetoa mafuta mazuri mwaka huu na nimekuwekea dumu moja, ila kadiri unavyochelewa kuja ndivyo linavyopungua, na mimi sijui linapungulia wapi.

Sasa nisikilize. Wanataka kukifunga chumba changu cha mashine.

Chumba chenyewe unakijua, maana ulikuwa unakula biskuti chini ya meza yangu ulipokuwa na miaka sita. Ushirika wetu bado unasambaza dawa kwa famasi zote za kusini. Mfamasia anauliza kwenye skrini yake kama dawa fulani ipo ghalani, kompyuta yetu inamjibu, naye anaagiza. Mwaka mzima jibu linafika kabla mtu hajakohoa. Lakini Ramadhani iliyopita, jioni baada ya futari, wakati famasi zinafunguliwa tena na watu wamejaa mlangoni wakishika matumbo, kompyuta ilikuwa inajibu kama mzee anayetafuta miwani iliyo puani kwake. Mfamasia mmoja wa Gabès alinipigia simu akasema, "Bibi Mongia, nimeuliza insulini, na mteja wangu ameshafika famasi ya jirani, amenunua, amerudi kwake." Nilicheka kwa adabu, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Muuza mashine amekuja kutoka Tunis na makabrasha yake ya rangi. Anasema kumbukumbu ya kompyuta yetu ni ndogo, tununue mashine mpya. Mkurugenzi anasema badala ya kununua mpya, bora Sfax ifungwe na kazi yote ihamie Tunis. Ametuachia Ramadhani hii moja. Jioni zikiwa kama za mwaka jana, bodi itakaa mwezi wa tano na kufunga mlango, na mimi na maopereta wangu watatu tutakwenda kuhesabu mawimbi.

Wewe ndiye unayesomea kitu hiki hasa, au ndivyo ulivyotuambia ulipokuwa unaaga. Nisaidie. Na uandike kwa lugha ambayo nitaweza kumwonyesha mkurugenzi, kwa sababu yeye akisikia neno kumbukumbu anadhani nazungumzia uzee.

Shangazi yako,
Mongia


Grenoble, 27 Februari 1990

Shangazi mpendwa,

Nakubusu kichwani, na goti nalibusu kwa mbali. Kwa taarifa yako barua ilinikuta niko macho, nimevaa, na nimeshakunywa kahawa. Ilikuwa saa tano, lakini hilo ni jambo dogo. Theluji hapa imekuwa matope, mwenzangu wa chumba anapika kabichi kila siku ya Mungu, na profesa wangu amegundua kwamba nina kipaji cha kuchelewa.

Habari ya chumba chako imenichoma. Mimi sikujifunza kompyuta chuoni, nilijifunza chini ya meza ile. Basi haya ndiyo maelezo ya mkurugenzi.

Habari zote za dawa zimelala kwenye diski, zimegawanywa kurasa kurasa. Diski ni kubwa lakini ni nzito kuamka. Kumbukumbu ni nyepesi lakini ni ndogo, ya kwenu inabeba kurasa mia nne tu. Mfamasia akiuliza, kompyuta inatazama kwanza kwenye kumbukumbu. Ukurasa ukiwepo, jibu hutoka papo hapo. Usipokuwepo, lazima uletwe kutoka kwenye diski, na foleni inaanzia hapo. Sasa nafasi zote mia nne zikiwa zimejaa na ukurasa mpya unabisha hodi, lazima mmoja utoke. Kanuni ya mashine yenu ni kwamba unatoka ule uliokaa muda mrefu kuliko wote bila mtu kuugusa. Mambo mengi ya kasi na ya polepole yanategemea uchaguzi huo mmoja, nani atoke. Mwambie mkurugenzi ni kama meza ya jikoni: chumvi inakaa karibu, sufuria ya harusi inarudi juu kabatini.

Kama nafasi kweli ni ndogo, muuza mashine ana haki. Lakini sitaki kumwamini mtu mwenye makabrasha ya rangi kabla ya kupima. Nitajenga kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta ya chuo. Nitaipa maombi yenu yaleyale kwa mpangilio uleule, nitaikuza na kuipunguza kumbukumbu yake, na kuhesabu ni mara ngapi inakosa ukurasa. Kwa hiyo, Ramadhani ikianza, nirekodie kwenye tepu kila ukurasa unaoombwa kwa juma moja zima, na saa yake, na namba ya skrini iliyouomba. Mpe mtu anayekuja huku. Posta wataifumua waifanye mkufu.

Msalimie mama. Umeniandikia kwamba yeye ni mzima na ukaishia hapo. Kwa kawaida unanipa nusu ukurasa wa kumsengenya wifi yako, na mimi huanza kusoma hapo.

Wako,
Lassaad


Sfax, 5 Aprili 1990

Lassaad wa kabichi,

Ramadhani karimu. Leo ni siku ya tisa na nyumba zote zimeanza kunuka siki na viazi. Tepu atakuletea mtoto wa Chaabouni wa duka la vitambaa, yule mrefu anayetembea kama ngazi. Nimemwapiza asiiweke karibu na sumaku wala karibu na mama yake, ambaye hugusa kila kitu.

Kwa mama yako tunafuturu kama ilivyo desturi. Supu yake ya chorba nzuri, sambusa zake za brik nyembamba, ila amezidisha pilipili ya harisa na hakuna anayethubutu kusema. Dada yako anakuja siku za Alhamisi na yule mwenye meno, sasa ni manne. Umeridhika? Hiyo ndiyo nusu ukurasa yako.

Jioni zetu ni zilezile za mwaka jana. Mchana kompyuta inakwenda kama maji. Baada ya futari famasi zinawasha skrini zao na mambo yanaganda. Jana mfamasia wa Mahrès aliuliza dawa ya kikohozi, akaenda kuswali tarawehe, akarudi, jibu likiwa ndiyo kwanza linaingia. Aliniambia amemwombea mashine dua. Muuza mashine yuko mjini tangu Jumatatu. Ananyoa ndevu kila siku na kumletea mkurugenzi keki ndogo za maamuli. Faouzi, opereta wangu wa zamu ya jioni, ana mke mjamzito na ameanza kuulizia nyumba za kupanga Tunis. Hakuniambia, nimesikia kwa wengine. Imeniuma kuliko maneno ya mkurugenzi.

Nakuomba ufanye haraka. Usinipe hesabu nzuri mwezi wa saba, wakati chumba kimeshageuzwa kuwa stoo ya pamba.

Na wewe saumu inakwendaje huko kwenye mabarafu? Unafuturu na nani?

Shangazi yako,
Mongia


Grenoble, 16 Aprili 1990

Shangazi,

Nakubusu kichwani. Mtoto wa Chaabouni alifika salama, akala kabichi yetu yote na kuomba zaidi, mwenzangu sasa anamtaka awe ndugu yake. Mimi sijambo. Saumu, alhamdulillahi, siku huku ni ndefu lakini zinapita. Tuko Waarabu wachache tunaokutana. Meno manne ni mengi kwa umri ule, mwambieni apunguze.

Matokeo yamefika, na nusu yake ni furaha tupu. Nimeiendesha kompyuta yangu ya kuigiza kwa kurasa zenu mia nne, halafu mia nane, halafu elfu moja na mia sita. Mchana, mia nne zinatosha na kubaki: katika kila maombi kumi, tisa yanajibiwa bila kugusa diski. Jioni hali inaanguka, hata matatu hayafiki. Lakini nikiongeza kumbukumbu mara mbili, jioni haibadiliki hata kidogo. Nikiongeza mara nne, inabadilika kwa unyoya. Kwa hiyo muuza mashine anawauzia miavuli na tatizo lenu si mvua. Mkurugenzi anaweza kununua kompyuta kubwa kuliko ghala lenyewe, na mfamasia wa Mahrès ataendelea kumaliza tarawehe kabla hajajibiwa.

Nusu ya pili inanitesa. Kuna kitu kinakuja jioni na kuvuruga kila kitu, hata kabla ya famasi kurudi. Kinaanza saa kumi na mbili na nusu na ushei. Nilitegemea kianze wakati mmoja kila siku, kama kazi yoyote ya ofisi, lakini hakifanyi hivyo. Kila siku kinasogea mbele karibu dakika nzima. Sielewi ni kazi gani inapangwa hivyo. Maelezo niliyonayo ni ya aina moja tu: saa ya kompyuta yenu imeharibika, inakimbia dakika moja kila siku. Nimeandika kurasa tatu za hesabu juu ya mtelezo huu na nimeupa herufi ya Kigiriki. Profesa ameipenda sana, anasema itakuwa sura ya tasnifu yangu.

Tafadhali ipime saa ya kompyuta kwa redio, jioni, wakati uleule. Kama inakimbia, tumempata mwizi.

Wako,
Lassaad


Sfax, 22 Aprili 1990

Lassaad, mwana wa kaka yangu, marehemu Mungu amrehemu asisikie haya,

Sisi wazima. Sikukuu imekaribia, mji mzima unanuka samaki wa chumvi, na jana nimepika mchuzi wa charmoula wa vitunguu na zabibu hadi macho yameniwasha. Nitaila na kukukumbuka, na hiyo ndiyo itakuwa sehemu yako.

Nilifanya ulivyoniagiza. Nilisimama mbele ya mashine na redio mkononi, nikisubiri mlio wa saa. Saa ya mashine ni nzima kama mimi, ukiacha goti. Kisha kitu chako kikaanza, dakika ileile, na redio ikaadhini.

Ni Magharibi, mwanangu. Ni jua linazama. Mwezi huu linachelewa kidogo kila siku, na wewe umelibandika herufi ya Kigiriki.

Nilikaa kwenye kiti nikacheka mpaka Faouzi, aliyekuwa amesahau funguo, akarudi na kuuliza kama niite daktari. Baadaye nikahuzunika kidogo. Kisha nikacheka tena. Wazee walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mtu aliyefunga, hata ukimweka mwezini, mwambie kuna kitu kinatokea kila jioni ya Ramadhani na kinasogea dakika moja kila siku, hatakuomba karatasi. Tumbo lake litamjibu. Wewe umeniandikia kurasa tatu.

Sikuulizi kitu. Mimi si kadhi na wewe si mtoto. Nakupenda vilevile nilivyokupenda mwezi wa Shaabani. Nakuomba jambo moja tu, usije ukamwandikia mama yako habari za saa inayoteleza, na profesa wako umwambie sura yake imezama na jua.

Kuhusu kazi: wakati ule huwa inapita ripoti ya akiba, inayosoma habari za ghala zima kuanzia dawa ya kwanza hadi ya mwisho. Usihangaike nayo. Inasoma tu, haiandiki kitu, haimsumbui mtu. Skrini zote zimelala wakati huo. Tafuta kwingine, na utafute haraka, kwa sababu bodi imeshapangwa, tarehe kumi na nne Mei, na muuza mashine ameanza kupima milango yangu kwa utepe.

Shangazi yako,
Mongia


Grenoble, 1 Mei 1990

Shangazi yangu,

Sikukuu njema iliyopita. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na masikio yaliniwaka moto. Ni kweli. Sijafunga tangu mwaka juzi. Ilianza na siku ya mtihani, nikasema nitalipa, zikawa siku nyingine, na baadaye nikaona haya kurudi katikati, kama mtu anayeingia msikitini wakati wenzake wanatoa salamu. Sikutaka mjue. Hasa wewe. Ningetegemea kila kitu kinisaliti, jirani, mtoto wa Chaabouni, hata kabichi, lakini si mfano wangu mwenyewe wa kompyuta. Profesa nilimwambia, akauliza kama jua huzama kila mahali au ni kwetu tu.

Haya, nimeshavuliwa nguo. Sasa zamu yako.

Kikulacho ki nguoni mwako, Shangazi. Ni ile ripoti. Kweli inasoma tu, na hapo ndipo sumu ilipo. Inausoma kila ukurasa mara moja na hairudi tena. Lakini kanuni ya mashine haijui hivyo. Inaona ukurasa umeguswa sasa hivi, kwa hiyo inaupa nafasi, na inautoa nje ukurasa wa insulini ulioulizwa dakika mbili zilizopita. Mfamasia akiuliza tena, unaletwa kutoka kwenye diski, na kabla hajauliza mara nyingine ripoti imeshausukuma nje. Ni kama mkahawa uliojaa watalii, kila mmoja ameagiza maji ya bure, na wazee wa kila siku wamesimama mlangoni na domino zao. Ukiongeza viti, wanakuja watalii zaidi. Ndiyo maana kumbukumbu kubwa haisaidii. Ripoti yenu inachukua zaidi ya saa mbili, na famasi zinarudi kabla haijafika nusu.

Nimeiondoa ripoti kwenye mfano na kuendesha jioni yote upya. Tisa kwa kumi, kama mchana. Ihamisheni alfajiri, na chumba chako hakihitaji hata waya mpya.

Lakini kuna jambo lingine. Nilitazama ni skrini gani ziko macho wakati wa adhana. Zote zimelala, kama ulivyosema, isipokuwa namba moja. Namba moja ni meza yako. Na ripoti haikupangwa ijianzishe. Inaandikwa kwa mkono, kila siku, dakika ya adhana, na tarehe mosi Aprili ulikosea herufi ukaandika upya. Tena umesema mwenyewe ulikuwa umesimama na redio mbele ya mashine wakati inaadhini. Sasa niambie, hiyo chorba ya mama yangu yenye harisa nyingi uliinywa kwa mdomo wa nani? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imekomea skrini namba moja.

Unafuturu peke yako chumbani mle. Tangu lini? Kuna nini kati yako na mama?

Nimeandika taarifa ya bodi kwa namna mbili, zote zimo kwenye bahasha. Moja inasema tu "ripoti ya akiba". Nyingine inataja skrini. Ya kwanza inatosha, hesabu haihitaji jina la mtu. Nakusihi utumie hiyo, na ile nyingine uiwashie jiko. Miaka ishirini na miwili ya kazi usije ukaitupa kwa sababu ya ukweli ambao hakuna aliyeuuliza.

Wako,
Lassaad


Sfax, 20 Mei 1990

Lassaad wangu,

Wote wazima, meno ni sita. Nakwenda moja kwa moja, leo sina subira ya milozi.

Nilichukua taarifa ya kwanza, kama ulivyonisihi, na ile ya pili nikaifungia kabatini. Mkurugenzi aliisoma mbele ya bodi, polepole, akielewa. Kwenye watalii na domino alitabasamu kabisa. Muuza mashine alianza kukunja utepe wake. Nikajua tumepona. Ndipo mkurugenzi akavua miwani.

"Hii ripoti huanzishwa na nani?"

Akamgeukia Faouzi, kwa kuwa zamu ya jioni ni yake. Faouzi anajua vizuri ni nani, maana ni mimi niliyekuwa namfukuza aende kwa mkewe kabla ya adhana. Alikitazama kiatu chake, hakunitaja. Yule kijana alikuwa tayari kufukuzwa kazi mbele yangu huku mkewe ana mimba ya miezi minane, na mimi nimekaa na karatasi yako nzuri isiyo na jina.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe, Bi Mongia? Wakati wa futari?"

"Wakati wa futari."

"Na ulikuwa unaihitaji ripoti jioni ile?"

"Ripoti sikuihitaji. Nilihitaji sababu ya kuwa pale."

Mjumbe mmoja akakohoa. Mkurugenzi akavaa miwani yake tena na kuandika, na nilikuwa naona mwandiko wake kichwa chini, nisiweze kusoma kitu.

Nimepewa karipio la maandishi, la kwanza tangu niajiriwe, limepigwa chapa vizuri sana. Chumba kinabaki. Mashine inabaki, Faouzi anabaki, hata mimi nabaki. Ripoti itakwenda alfajiri, na kuanzia sasa hakuna mtu kukaa chumbani jua likizama, mkuu wa chumba akiwa wa kwanza kutoka. Hilo la mwisho alilisema bila kuliandika. Nilipofika nje nililia kidogo nyuma ya gari la pamba, kisha nikajipangusa.

Sasa swali lako. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka jana, siku ya pili. Ulikuwa umeandika kwamba huenda utakaa huko miaka mitatu zaidi. Tulikuwa mezani. Mama yako aliniwekea chorba, akaniambia bila ukali wowote, "Mongia, kila nikikutazama namwona mwanangu anabeba sanduku." Nilimaliza bakuli langu, kwa sababu kuliacha kungekuwa ugomvi. Kesho yake ilipokaribia Magharibi sikujua niende wapi. Kwangu kuna kiti kimoja. Nikamwambia Faouzi aende zake, mimi nina ripoti ya kuendesha. Nilikuwa nimeiba ripoti ya alfajiri na kuihamishia jioni. Ningejuaje kwamba futari yangu inamchelewesha mgonjwa wa Gabès.

Na alikuwa na haki, mama yako. Ni mimi niliyekuweka chini ya meza ile.

Siku ya bodi, jua lilikuwa bado juu na mimi nimeshatolewa chumbani. Nilitembea. Goti lilinipeleka lenyewe, liliijua njia kuliko mimi. Mama yako alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Hakunisalimu.

"Umechelewa mwaka mzima," akasema. "Ingia, funga mlango, nzi wanaingia."

Alinivutia kiti. Nilitaka kukalia kile changu cha zamani karibu na jiko, akanielekeza kwenye cha kwako, ambacho hajawahi kumkalisha mtu tangu uondoke. Tulikula maharage. Hatukuzungumzia lolote, tulisengenya jirani kwa uangalifu mkubwa. Kisha, wakati napangusa bakuli kwa mkate, akaniuliza, "Lassaad anafunga huko?"

Nilianza kusema anafunga kuliko sisi sote.

"Usiape," akasema. "Mimi nimemzaa. Tangu mwaka juzi anaandika siku ni ndefu, na hata mara moja hajalalamikia kiu. Lassaad ninayemjua angenijazia kurasa nne za kiu." Akachukua bakuli langu akaosha. "Nilikuwa nasubiri aniambie mwenyewe."

Basi mwambie. Ana umri wa kutosha kusikia, na wewe una umri wa kutosha kusema. Nimekwenda kwake kila jioni tangu siku ile, na barua hii naiandikia mezani kwake. Ananichungulia begani na anasema nimemfanya mkali kuliko alivyo. Hapa kalamu inanyakuliwa.

Lassaad mwanangu, ni mimi mama. Shangazi yako amekikalia kiti chako na anakula sehemu yako, na nimejaribu kumtoa, hatoki. Mimi sina nguvu hizo. Njoo umtoe mwenyewe, hata kama ni kwa juma moja, hata kama hufungi.